Mdomo Wangu, Mguu Wake

Jumatatu, 4 Novemba

Leo mgao. Mama kaamka gizani akapange foleni uwanjani. Karudi mchana na sabuni, mafuta ya kupikia, blanketi la kijivu na ndoo. Ndoo! Ndoo tunazo za kufungulia duka, maji ndiyo hatuna. Nikamuuliza kama alisema asante. Akasema asante yake kaiacha pale pale, waigawe kwa wengine.

Mimi nafanya kazi na hao wagawaji, kwa hiyo matusi ya foleni nzima yanaishia kwangu. Maharage yakiwa na mawe, mimi. Mafuta yakichelewa, mimi. Jirani wa chumba cha pili ananiita Bibi Msaada na kucheka kwa pua. Acheke. Wanawe wanalala chini ya turubai nililowapigania mimi.

Kesho tunaingia gerezani. Ni lile la wapiganaji waliokamatwa mji ulipotekwa tena, na mimi sijawahi kuingia. Mrefu kanisomea masharti kama mtoto wa darasa la kwanza. Mrefu ni bosi wangu, mgeni, kichwa chake kimegonga kila mlango wa mji huu. Ya ndani hayatoki nje. Hatumuulizi mfungwa alifanya nini — tunamuuliza anakula nini, analala wapi, nani kampiga. Ukimkuta mtu unayemjua, sema, atatafutwa mkalimani mwingine. Tukivunja hata moja, Mkuu wa Gereza atafunga mlango na wafungwa wote watakosa daktari. Halafu ile sheria ya kazi yetu: mkalimani hana "amesema". Mfungwa akisema naumwa, nami nasema naumwa. Mimi ni mdomo tu.

Mdomo tu! Miaka yote ile nimefundisha lugha shuleni, nimeishia kuwa mdomo.

Mama kauliza swali lake la kila siku: ukimwona mwenzio huko ndani, utaniambia? Mwenzio ni mdogo wangu, kitindamimba wetu, aliyekuwa akisaga unga kinuni. Tulikuwa tunakimbia, tumepanda lori la unga. Wapiganaji wakamshusha kwenye kizuizi. Tangu siku hiyo hatujui kama yuko juu ya ardhi au chini yake.

Nikamjibu Mama: ya ndani hayatoki. Akasema: basi na ya jikoni hayatoki. Akainua sahani yangu akaenda nayo.

Jumanne, 5 Novemba

Nimemwona. Si mdogo wangu, ni yule aliyemshusha. Kofia!

Niandike kwa utaratibu. Bweni refu, dirisha moja juu kabisa, pipa la maji lenye kutu, wanaume wamebanana kama viberiti. Mrefu akawaomba askari watoke. Walinuna, wakatoka. Kisha kila mfungwa anakuja konani peke yake, Mrefu anauliza, mimi nageuza. Asubuhi nzima nimekuwa na kiu, nimekuwa na upele, sijaona jua, mke wangu hajui niko wapi. Kazi ni kazi. Wala sikuwa na neno.

Akaja mmoja anarukaruka kwa mguu mmoja, mkono ukutani. Kichwa kimenyolewa. Sura isingenipa kitu — sauti ndiyo iliyomtoa. Ile ile iliyosema "Wewe wa unga, shuka!" huku inacheka. Siku ile alivaa kofia nyekundu ya sufi, na jua lote lile! Nilikuwa juu ya lori nimejifunika gunia, hakuniona. Leo kanitazama usoni akaniita dada.

Hapo ndipo nilipaswa kumwambia Mrefu kwamba huyu namjua. Sikusema. Nilitaka nimsikie akilia.

Akalia. Dada, mguu wangu unaoza. Walinipiga na kitako cha bunduki, kidonda hakifungi, vidole sivisikii tena. Wenzangu wamenihamisha mlangoni kwa harufu. Niitieni daktari.

Na mimi niyaseme hayo kwa "mimi"! Nimepigwa, naoza, nihurumieni — kwa ulimi wangu, kwa ajili ya huyu! Nikamgeukia Mrefu, nikasema kwa lugha yao: "Mguu unaniuma kidogo. Nikipata dawa ya maumivu nitashukuru."

Mrefu akauliza kama kuna kidonda. Nikajibu bila kumgeukia Kofia: "Kimepona." Suruali ilikuwa ndefu, na bweni zima lilinuka harufu moja. Mrefu akampa vidonge na blanketi la kijivu, sawasawa na la Mama. Kofia akashukuru, akashukuru tena, akaondoka anarukaruka.

Garini Dereva kaniuliza: Mwalimu, leo mbona unatabasamu? Sikujua kama natabasamu.

Alhamisi, 7 Novemba

Sijuti. Nimesoma tena niliyoandika Jumanne. Sijafuta hata neno.

Mkuki kwa nguruwe. Leo kawa yeye nguruwe, anaona uchungu! Malipo ni hapa hapa duniani, na kama malipo yamechelewa, kuna ubaya gani mtu akiyasukuma kidogo?

Ofisini Mrefu kanisifu mbele ya watu. Eti sauti yangu haina upande. Nikasema asante. Nikaenda chooni nikanawa mdomo.

Mama leo kamlaani Kofia kama anavyomlaani kila akisonga nywele zake. Hajui jina lake, anamwita Yule Shetani. Afe na njaa, afe na kiu, afe macho yakiona. Nilitamani kumwambia: Mama, tulia, ombi lako limeanza kujibiwa. Lakini ya ndani hayatoki.

Jumapili, 10 Novemba

Fundi viatu amefika. Yule wa mtaa wetu wa zamani, aliyekuwa anakaa nje ya lango la kinu. Alishushwa kizuizini siku moja na mdogo wangu. Tulishamlia kabisa, kumbe mtu mzima huyu hapa, anakunywa chai kwetu, mifupa mitupu!

Anasema hawakuuawa. Wazee walipigwa wakaachwa porini, ndiyo kupona kwake. Vijana wenye nguvu walipakiwa kwenye pikapu kwenda kubeba mizigo ya wapiganaji. Mdogo wangu alipanda kwa miguu yake. Mzima! Mama alishika ukuta. Wapi? Wamepelekwa wapi? Fundi hajui. Aliyeendesha pikapu ameshakufa vitani. Anayejua amebaki mmoja tu, anasema, yule mwenye kofia nyekundu. Yeye ndiye aliyewapeleka na kuwakabidhi huko walikokabidhiwa.

Mama akauachia ukuta. Kisha akainua mikono, mbele ya fundi, mbele yangu: Ee Mungu, mpe uhai yule shetani. Mpe afya. Asiumwe hata kichwa mpaka nimtie mkononi!

Mama yangu anamwombea Kofia! Na mimi nimekaa hapo, kikombe mkononi, najua alipo, najua mguu ukoje, najua nani kamnyima daktari. Chai ilikuwa ya moto lakini sikuisikia.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimemfuata Mrefu mapema, hata koti hajavua. Nikamwambia: yule wa mguu, nadhani daktari angemwona haraka. Akapekua maandishi yake. Lakini ulisema kidogo, akasema. Ulisema kidonda kimepona.

Ulisema! Leo ndiyo nimekuwa mtu mwenye maneno yake.

Nikasema labda alikuwa anaona haya. Mrefu akanitazama kwa upole wake ule unaoudhi. Daktari yuko kambini ng'ambo, akasema, kuna watoto wanaharisha. Na Mkuu wa Gereza ameturuhusu wiki ijayo, si kabla, tusimpe sababu. Ila kama kuna jambo unalijua, niambie.

Nilikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi. Nikaona kazi inavyokwenda, chumba kinavyokwenda, Mama akirudi kulala uwanjani kwenye turubai. Nikasema hakuna. Njia ya mwongo fupi, ndiyo, lakini mwenye kuipita anaiona ndefu!

Jumatano, 13 Novemba

Nimemgombeza Dereva kwa kuimba. Nimemgombeza jirani kwa kupika. Mama kasema nina pepo, niende nikalale. Yeye anaomba asubuhi na jioni, anazidi kumpamba. Leo kamwombea hata usingizi mwema.

Nimemchukia Kofia kwa kumchukua mdogo wangu. Sasa namchukia zaidi kwa kuwa nahitaji apone. Usinifie, mbwa we! Usithubutu.

Ijumaa, 15 Novemba

Daktari atakuja Jumatatu. Mrefu kasema ni kwa sababu ya kikohozi kilichoingia bwenini. Si kwa sababu ya mguu. Mguu haumo.

Jumatatu, 18 Novemba

Naandika garini, nje ya lango la gereza. Dereva kasimama mbali, anavuta sigara, hanitazami. Ameshajua.

Kofia hakuja anarukaruka leo. Wenzake walimbeba kwenye lile blanketi la kijivu, wameshika ncha zake, nyuso wamezigeuzia pembeni. Daktari ni mwanamke mfupi, hana maneno mengi. Akakata suruali kwa mkasi. Sitaandika nilichokiona. Mguu mweusi hadi karibu na goti, na Mrefu kaziba pua kwa mkono wenye kalamu.

Daktari akauliza: tangu lini huhisi vidole? Nikageuza. Kofia macho yake ya homa hayakwenda kwa daktari. Yalikuja kwangu, yakakaa.

Akasema: Nilisema mara ya kwanza. Nilisema unaoza. Nilisema vidole sivisikii, niitieni daktari. Nilimwambia huyu mwanamke.

Pale ndani hakuna mwingine anayejua lugha zote mbili. Daktari anasubiri, Mrefu kalamu juu. Neno dogo tu lingetosha, kama lile la kwanza, nami ningetoka pale mtu safi. Lakini nikimfunika tena, hatatibiwa inavyotakiwa, na akifa, anakufa na mdogo wangu. Hiyo ndiyo sababu. Nisijipake mafuta — si huruma.

Nikasema kwa lugha yao: "Nilisema mara ya kwanza. Nilisema unaoza. Nilisema vidole sivisikii. Nilimwambia mkalimani."

Mrefu akaacha kuandika. Akauliza: mkalimani yupi?

Nikasema: mimi.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wapige. Daktari akasema hayo ni ya baadaye, sasa mguu huu ukatwe hospitali leo, au tumzike. Mrefu akanionyesha mlango. Nilipokuwa nasimama Kofia akanishika upindo wa gauni. Akasema: Nimekujua. Macho yako ni ya yule kijana wa unga. Mrefu akauliza mgonjwa anasema nini. Nikasema hakuna. Hilo halikuwa la Mrefu.

Nikatoka. Kwa miguu yangu, yote miwili, mizima.

Baadaye Mrefu kanifuata hapa garini, mvua inamlowesha. Kasema Mkuu wa Gereza amekubali mgonjwa atoke. Lakini mgonjwa amegoma. Anasukuma kila mtu, anadhani wanampeleka kupigwa risasi. Daktari hakati mguu wa mtu asiyeelewa anafanywa nini. Mkalimani mwingine wa lugha yetu yuko ng'ambo na daraja limefungwa. Na mgonjwa anaonyesha mlango, anasema neno moja tu. Mrefu akalirudia neno lenyewe kwa matamshi yake mabovu. Dada.

Nikamwambia yote hapo hapo. Lori, kizuizi, kofia, pikapu, fundi viatu. Nikasema mtu huyu anajua alipo mdogo wangu, na huenda asizinduke baada ya dawa ya usingizi. Niruhusu nimuulize swali moja.

Mrefu alifumba macho. Kasema askari wawili, wageni wa mji huu, wamekataa kutoka leo, na mmoja anaelewa lugha yetu kidogo. Ukimuuliza mfungwa lako, Mkuu wa Gereza atasema tunaleta wapelelezi, atafunga mlango. Bweni zima lile linalokohoa. Kisha akaniuliza taratibu: ukiingia, utasema ya daktari na ya mgonjwa tu?

Nikageukia kioo cha gari. Kasema anakwenda kuchukua karatasi ya ruhusa, akirudi anataka jibu.

Asubuhi Mama alikuwa anaomba nilipotoka. Nilimsikia nikiwa ngazini: na wale wanaomtunza yule shetani, Ee Mungu, wape mkono mwepesi.

Lango linafunguliwa. Mrefu anatoka na karatasi, anainama, amegonga kichwa vilevile. Ananipungia nije. Swali la Mama, wamepelekwa wapi, liko hapa mdomoni, na mdomo leo ni wa mgonjwa na daktari, si wangu.