Mstari Uliopinda Kwenye Kiondo cha Susu

Mpwa wangu Mwende,

Huku Migwani tuko wazima, na pikipiki yangu bado hakuna ya kuipita. Umeuliza kama fundi wa huko Nunguni anyooshe ule mstari uliopinda kwenye kiondo alichokupa mamangu, susu wako.

Corona ilipofunga ukumbi wa soko, mamangu na wenzake wanne walikosa mahali pa kusukia vyondo na kupiga stori. Mama akanyamaza, chakula akawa anakigusa tu. Mimi, kwa akili ambayo hata kaunti haikuwa nayo, nikatoa kiondo kimoja kizunguke. Kila mama alisuka mstari wake nyumbani, kikakaa juani siku nzima virusi vife, halafu nikakipeleka kwa mwingine. Nilipanda milima ambayo mbuzi wanaogopa.

Mama alipapasa kila mstari na kumtaja mwenyewe. "Huu ni wa Mbithe. Anavuta uzi kama anafunga fahali." Akaanza kula.

Siku moja gurudumu lilipasuka chini ya mlima wa Mbithe. Nikasuka mstari wake mimi mwenyewe. Kazi ya wanawake, ingenishinda?

Mama akaupapasa, akachukua fimbo yake ya kutembelea. "Mbithe ni mgonjwa sana. Mkono umelegea hivi?" Alikuwa ameshafika langoni, bila barakoa.

"Mama, rudi. Ni mimi nilisuka."

Aliketi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nilitaka kuufumua, akakataa. "Uache. Hata wewe ulikuwa wa kikundi."

Kwa hivyo mwambie fundi asiuguse.

Mimi mjomba wako, msukaji.