Mama Mmoja, Mkazi wa Eneo Hilo

4 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limeacha kununa. Mimi sijambo, ila vidole vinaniuma kwa kuchapa.

Kazi nimepata, Mama! Niko ofisi ya habari, dawati la ziara za Mheshimiwa Rais. Chumba chetu hakina dirisha, kina feni moja inayolalamika kuliko wewe. Nilidhani nitakuwa nakimbia nyuma ya msafara na kalamu mkononi. Wapi! Hapa habari inaandikwa kabla ziara haijafanyika. Mheshimiwa amefungua, amepongeza, ameagiza, na yeye mwenyewe hata viatu hajavaa. Mhariri wetu, mzee mpole asiyepepesa macho, anasema mgeni hapikiwi akishaketi.

Sasa cheka. Wiki ijayo anakuja mtaani kwetu kuzindua bomba la maji, na habari nimeiandika mimi. Nimekutia humo kwa utani: "Mama mmoja, fundi cherehani, alimshika mkono Mheshimiwa na kububujikwa na machozi." Wewe, uliyemzika Baba bila kutoa chozi mbele za watu! Ukimwona, jitahidi kulia kidogo usiniaibishe.

Mwanao,
Chiriku

14 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Goti bado linanuna, lina tabia za ukoo wa baba yako. Umekula? Najua ukikaa na makaratasi unasahau una tumbo.

Amekuja. Nilikuwa nashona upindo wa pazia, mara nikajikuta nimesimama barabarani, mkono wangu umo mkononi mwake. Sikumbuki kuinuka kwenye kiti. Mkono wenyewe haukuwa na joto wala baridi, kama kushika kitasa cha mlango. Na machozi yakanitoka, mwanangu. Sikuwa na uchungu wala furaha, yalitoka tu, mpaka kola ikalowa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na barabara ni tope tupu, lakini magari yake hayakuacha alama hata moja ya tairi.

Bomba limezinduliwa. Halitoi tone. Majirani wanapanga foleni, wanakinga, wanajitwika ndoo na shingo zinawapinda kwa uzito. Nimechungulia ndoo ya muuza nyama, kavu kabisa. Akaniambia, "Maji matamu haya, fundi." Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Mama yako

19 Februari

Mama,

Shikamoo. Sijala, na leo usinigombeze.

Ile ziara ilifutwa. Habari ilikwenda redioni kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuizuia. Saa ile ile unayosema ulimshika mkono, mimi nilikuwa nakunywa chai na dereva wa msafara, na magari yote yalikuwa yamefunikwa turubai. Mama, ulimshika mkono nani?

Nilimkimbilia Mhariri. Akaniuliza kwa upole, "Kwani redio ilisemaje?" Nikamwambia. "Basi," akasema, akaendelea kuchonga penseli yake.

Na kuna kubwa kuliko hilo. Tarehe mosi Machi Mheshimiwa atatangaza sera mpya ya makazi, na mtaa wetu umo. Rasimu iko mezani kwangu: "Wakazi wote wamehamia makazi mapya kwa hiari yao. Hakuna aliyebaki." Makazi hayo hayajajengwa, Mama. Nimeulizia hata kiwanja chake, hakuna anayekijua. Funga cherehani, panda basi, njoo kwangu kabla haijasomwa. Naogopa.

Mwanao,
Chiriku

25 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Kula kwanza. Woga ukikuta tumbo tupu hujifanya mwenye nyumba.

Jana nilifunga mzigo nikaenda kituoni. Mkata tiketi akaniuliza natoka mtaa gani, nikamtajia. Akanitazama kwa huruma. "Wa kule walishahama, mama." Nikamwambia mimi hapa sijahama, tena nina mzigo kichwani. Akamwita abiria aliyekuwa nyuma yangu. Nimerudi kwa miguu, goti likinitukana njia nzima.

Huku muuza nyama anasimulia "siku ile tulipohama", na nyama anaikatia kwenye gogo lake lile lile. Nyumba ya mlango wa buluu imefungwa. Ulikuwa ukicheza pale na binti yao, mkigombania mwanasesere hadi mnang'atana. Walikuwa akina nani wale? Nimeshinda nikitafuta majina yao, hayaji.

Nimewaza nikiwa kwenye cherehani. Siku ile nililia kwa sababu wewe uliandika nilie. Basi nisikilize mimi niliyekuzaa: usiniandike tena, hata kwa wema. Niache nje ya makaratasi yenu. Mimi ni mtu mzima, nitajua pa kujificha.

Mama yako

28 Februari

Mama,

Shikamoo. Kila jioni nimesimama kituoni. Mabasi yanafika, wewe hushuki, na barua yako haijaja. Sijui kama hata ile yangu uliipata.

Rasimu nilijaribu kuichana. Mhariri akatoa nyingine kwenye droo, kisha akaniambia bila hasira, "Kila habari ina sentensi moja ya mwananchi. Chukua, hiyo ni yako." Nimeikalia kutwa nzima. Nimeandika hivi: "Mama mmoja, mkazi wa eneo hilo, alisema ana furaha na afya njema, na hana malalamiko yoyote."

Umeona akili yangu? Kama habari ndiyo inayotenda, basi hakuna baya litakalokugusa. Nilikuwa nimeongeza "mwenye utani mwingi na goti linalonuna", ili ubaki na vitu vyako. Mhariri amekata. "Mwananchi hana goti," kasema.

Kesho inasomwa. Nimekuokoa, Mama. Nadhani nimekuokoa.

Mwanao,
Chiriku

3 Machi

Mama,

Barua yako ya tarehe ishirini na tano imefika leo. Habari ilishasomwa, Mama. Ilishasomwa juzi, asubuhi, mchana na jioni.

Sikujua uliniambia nikuache nje. Nigombeze. Nitukane mimi na ukoo mzima wa Baba. Niambie goti linaendeleaje. Niulize kama nimekula, nami nitakujibu kweli safari hii. Andika chochote, hata mstari mmoja, mradi uwe wako.

Mwanao,
Chiriku

12 Machi

Mwananchi mwenzangu,

Barua yako imepokelewa. Ninayo furaha kukuarifu kwamba nina furaha na afya njema. Makazi mapya ni mazuri. Kila mwananchi amekula.

Kuhusu goti uliloulizia, sina.

Umeniandikia kama mtu anayenifahamu. Nimewauliza wenzangu iwapo kuna aliyewahi kuwa na binti aitwaye Chiriku. Wote wana furaha.

Niwie radhi kwa karatasi kulowa. Machozi yananitoka tangu siku ya uzinduzi wa bomba, hayakomi. Sijui ni ya nini. Sina malalamiko yoyote.

Mama mmoja,
mkazi wa eneo hilo