Fulana ya Bahati ya Yeuris

San Pedro de Macorís
9 Novemba 2014

Mpendwa mdogo wangu Nereida,

Hujambo huko Madrid? Baridi imeshaanza? Magoti yako je, na shemeji Anselmo? Sisi huku wazima, Mungu ni mwema, ila mimi sauti imenikauka kwa kushangilia.

Sasa kaa vizuri. Mwanangu Yeuris anaupiga mpira mpaka watu wanashika vichwa! Tangu msimu wa besiboli uanze, hakuna mechi aliyotoka mikono mitupu. Na unakumbuka mwaka jana bega lilivyomlaza nyumbani, timu ikamwacha. Safari hii kocha alimwambia wazi: nakujaribu mwezi mmoja, ukishindwa tuagane.

Ila nusura nimharibie mimi mama yake. Wachezaji unawajua. Mkono ukikubali, fulana ya ndani haifuliwi, bahati isije ikaenda na maji. Mimi nikaona fulana imekauka jasho mpaka inasimama yenyewe, nikaifua, tena siku ya mechi ya mwisho ya majaribio yake! Mume wangu Fausto alipoiona kwenye kamba akapiga ukelele, "Eufemia! Umemmaliza mtoto!" Yeuris alikula ndizi zake za kuponda, akaondoka.

Habari zilifika dukani kabla yangu. "Mama Yeuris," Chepe mwenye duka akaniambia, "leo tukifungwa, sabuni sikuuzii tena."

Uwanjani, mara ya kwanza aliposhika gongo mwanangu alikosa. Ya pili akakosa. Jukwaa zima likanigeukia mimi, si yeye! Nikang'ang'ania rozari. Mara ya tatu, Nereida, mpira ulivuka uzio, ukavuka na taa, sijui ulitua kwa nani. Nililia kama niliyefiwa. Kesho yake kocha akamwambia abaki msimu mzima. Nani mwingine mtaani kwetu ana mtoto kama huyu?

Namshukuru Mungu na Bikira wa Altagracia. Na wewe ahsante, mdogo wangu, kwa sala zako na yale mafuta ya kuchulia uliyotuma. Bega lile ni lako pia.

Jana nimekuta fulana imewekwa juu ya beseni langu, na soksi pembeni. "Mama, fua zote," akasema. "Tena kwa sabuni ile ile."

Wasalimie Anselmo na binti yako Dilcia. Bikira awafunike kwa shela lake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa sina sauti,
Eufemia