Kufuli Nne za Shule Iliyoanguka

Mama Neema mpenzi,

Mimi mzima, ila joto la Kariakoo linanimaliza. Hapa kwenye ghala la msaada watu hawapangi foleni wenyewe. Kila mtu anaweka jiwe mahali pake, kisha anakwenda kunywa chai. Mimi niliweka kile kipande cha tofali la darasa la pili, nilichokuja nacho kuwaonyesha tetemeko lilivyotutenda. Kimekaa foleni siku tatu bila kulalamika, kunishinda mimi.

Leo karani wa ghala akafungua dirisha. "Ndugu, mabati yamekwisha."

Nikamweleza kwamba watoto wanasomea juani. Akasikitika kweli, akaingia ndani, akarudi na kufuli nne mpya.

"Hizi zipo. Tia sahihi hapa, kwamba shule imesaidiwa."

Nikatia. Ningekataa, wangeandika kwamba kijiji kimekataa msaada.

Mwambie mwalimu mkuu atafute milango, na kuta za kuishikilia. Tofali nimeliacha palepale kwenye foleni, lisubiri mabati. Nimekukumbuka, hata ugali wako wa kuungua. Wabusu watoto, na wenzao shuleni waanze kuchagua kiranja wa funguo.

Wako,
Baba Neema