Wakesho, Ivunje Nadhiri ya Mafuta

Leeds, Uingereza
Jumapili asubuhi

Mdogo wangu Wakesho,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi hii. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanayolalamika. Ni hali yako inayoninyima usingizi, kwa hiyo sitazunguka.

Telegramu yangu iliyosema KULA MAFUTA BARUA YAJA najua imewachekesha hapo Wusi. Mimi sikuituma kwa mzaha. Mwanao Mwadime aliniandikia kwamba umeweka nadhiri: hutagusa mafuta, maziwa wala nyama mpaka nirudi nyumbani. Hata kimanga, muhogo wetu wa kuponda na maharagwe, unakila kikavu. Halafu akaongeza, kama jambo dogo, kwamba siku hizi unalala mpaka mchana, na ukiamshwa unayumba na ulimi ni mzito. Wanasema ni uzee.

Mimi nahofia ni vidonge vyako vya kifafa.

Unajua kazi yangu hapa ni kulisha panya wa maabara. Kundi moja tulililisha chakula kisicho na mafuta kabisa, jingine chakula cha kawaida. Kisha bibi mtafiti akawapa wote dawa ya usingizi, ya ukoo mmoja na vidonge vyako, kipimo kilekile. Waliokula mafuta waliamka mapema. Wale wengine wakaendelea kulala, na mmoja hakuamka. Nilimtoa mwenyewe, amepoa.

Yule bibi akanieleza kuwa ndani ya ini mna tando nyembamba mno, zilizojengwa kwa mafuta, na vimeng'enya vinavyovunja dawa vimekaa humo. Mafuta yakipungua, kimeng'enya kipo lakini ni kama seremala aliyenyang'anywa meza. Dawa inabaki mwilini.

"Na binadamu je?" nikauliza.

"Mzee, panya si mtu," akacheka.

Nikamweleza habari zako. Kicheko kikakatika. "Sina hakika," akasema, "lakini mwandikie leo."

Basi nisikie. Vidonge usiviache ghafla, kifafa kitarudi kwa nguvu. Mwadime akupeleke hospitali Wundanyi mara mkisoma barua hii, si wiki ijayo, na mseme yote: vidonge, usingizi, na nadhiri pia. Usione haya.

Najua utajibu, "Kaka, nilimwahidi Mungu." Mwite mchungaji aombe nawe, kisha mle pamoja. Mwambie nadhiri ilinihusu mimi, na mimi nimekufungua. Natamani kurudi kila siku, Wakesho, lakini nikirudi nataka kukuta mtu wa kunifungulia mlango.

Nisalimie shangazi yetu aliyetulea, na jirani yako fundi cherehani. Mke wa Mwadime nampa kazi: atie samli kwenye kimanga chako bila kukuuliza, na ukimgombeza aseme nimemtuma mimi.

Mwadime asinitafutie maneno mengi. Aandike tu kwamba umeamka asubuhi. Mpaka hapo naogopa.

Kaka yako,
Mwakio