Nimeomba Idadi ya Vijana Waliouawa na Korona, Sasa Mume Wangu Ataka Niliondoe Ombi

Mshauri mpendwa Dada Awino,

Naomba msaada wako, na unisamehe nikiandika ovyo, maana tangu nishike kalamu nimeinuka mara mbili kwenda mlangoni bila kujua nafuata nini. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Lodwar, nauza mitumba, na kinachoninyima raha ni kifo cha kaka yangu Esekon, aliyefariki mwaka wa pili wa korona akiwa na miaka ishirini na minane, mtu wa nguvu zake, alikuwa anatoa samaki Kataboi kando ya ziwa anapeleka Kakuma, na huko ndiko alikompata mke wake Caritas, Mrundi wa kambi ya wakimbizi, mwimbaji wa kwaya, wakajaliwa binti, Shalom. Esekon alianza na kikohozi tu, siku chache baadaye akawa anavuta pumzi kama mtu anayezama, tukamfikisha hospitali, hakutoka.

Mazishini baba yetu mkubwa Lomunokol akasimama akasema korona ni ugonjwa wa wazee, redio yenyewe imesema, kijana kama huyu hawezi kuuawa na kikohozi, huyu ameuawa na chakula cha mke wake mgeni. Nilibisha nikaambiwa nikae chini. Cheti cha kifo kimeandikwa kushindwa kupumua, naye anasema hata sumu inakata pumzi. Caritas akafukuzwa, akarudi Kakuma peke yake, na Shalom, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa, akabaki Kataboi kwa baba mkubwa.

Mwaka huu Caritas alirudi kumtaka mtoto wake. Alisimama nje ya boma akasalimu kwa Kiturkana, “Ejok,” na hakuna aliyeitikia. Baba mkubwa akamwambia mbele yangu, “Nionyeshe kijana mwingine hata mmoja mwenye alikufa na korona hii Turkana yote. Ukinionyesha, chukua mtoto.”

Nikamwuliza, “Baba, umesema?”

“Nimesema.”

Wazee wakakubaliana watakaa kuliamua jambo hili shule zikifungwa mwezi wa nane.

Basi mimi nikaenda ofisi moja ya afya, nikaandika naomba idadi ya waliokufa kwa korona kaunti hii, kwa umri. Afisa akaniuliza, “Unatoka shirika gani?” Nikamwambia, “Natoka nyumbani.” Akacheka. Baadaye wakanipa jumla tu, umri hakuna, kana kwamba wote walikuwa rika moja, nikaandika tena, na hapo ndipo balaa ilipoanza, kwa sababu mume wangu Ejore ni dereva wa mkataba katika ofisi hiyo hiyo na sikuwa nimemwambia. Mkubwa wake alimwita akamwuliza, “Bibi yako anatafuta nini? Anataka kutupeleka kwa magazeti?” Ejore alirudi nyumbani hakugusa chakula. Akaniambia, “Wewe unatafuta wenye walikufa, mimi natafutia wenye wako hai. Toa hiyo barua huko ofisini.” Na si mtu mbaya, Dada, ndiye aliyemwendesha Esekon hospitalini huku machozi yakimtoka kwenye usukani.

Nikiliondoa ombi, Shalom atakua akiamini mama yake ni muuaji, nisipoliondoa labda wanangu watalala njaa, na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, kwamba naogopa hizo namba zenyewe, je, zikija na vijana wakawa sifuri? Kanisani nasimama wenzangu wakiketi, sokoni mteja ananiuliza bei namjibu mambo mengine. Nifanye nini?

Namuria, Lodwar (majina yote nimebadilisha)

*

Namuria, pole. Pole ya kaka, na pole ya kuubeba mzigo huu peke yako. Sasa keti, na usiinuke mpaka nimalize.

Ombi usiliondoe. Sheria ya nchi hii inampa raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali, wala hulazimiki kueleza unazitakia nini. Caritas ana kitambulisho cha mkimbizi, wewe una cha raia, kwa hiyo wewe ukinyamaza, yeye hana pa kuanzia. Andika upya, kwa adabu na bila kuzunguka: unataka idadi kwa makundi ya miaka kumi kumi, kaunti nzima, hutaki jina la mgonjwa wala la daktari. Uliza pia ni wangapi ambao umri wao haukuandikwa. Wakiendelea kukuchezea, peleka malalamiko kwa tume ya taifa inayosimamia haki ya kupata habari. Watu wa kawaida wanaifikia, usiogope jina lake.

Kwa Ejore umekosea. Mtu asisikie mambo ya mke wake kutoka kwa mkubwa wake wa kazi. Mwombe radhi, kisha mwambie kwamba mwombaji ni wewe, si yeye, na kwamba akitishwa tena aweke kwa maandishi aliyetamka na alichotamka. Hofu yake ni ya haki. Usimdharau kwa ajili yake.

Namba zikija na sifuri? Basi huenda vijana hawakupimwa, huenda hawakuandikwa, huenda Esekon aliuawa na ugonjwa mwingine wa mapafu. Hakuna sifuri inayomfanya mke kuwa mpishi wa sumu. Hapa ndipo ninapokukaripia kwa kweli: nyote mliukubali mtihani wa baba mkubwa kana kwamba yeye ni mahakama. Mama mzazi yu hai, ana akili timamu, hakuna hakimu aliyemnyima mtoto. Kwa nini Shalom asubiri takwimu?

Nilipokupigia simu baada ya kusoma barua yako nilikuuliza kama Caritas anajua unachokifanya. Ukasema, “Sijamwambia, sitaki kumpa matumaini ya bure.” Nikakwambia umpigie siku hiyo hiyo, na nashukuru ulinisikia, kwa sababu ujumbe ulionitumia jana umenifanya nibadilishe nusu ya jibu hili. Unasema alikusikiliza mpaka mwisho, kisha akakujibu, “Wifi, ile wiki ya Esekon kuugua, na mimi nililala na kikohozi hicho hicho, nikapoteza harufu ya kila kitu. Hakuna mtu aliniuliza.”

Miaka yote hii, Namuria, na hata wewe hukumwuliza!

Jumatatu panda gari la Kakuma ukamchukue Caritas. Rudini pamoja Lodwar, mwende moja kwa moja kwa afisa wa watoto, mmwombe barua ya kumwita baba mkubwa pamoja na mtoto. Mwende kabla ya mwezi wa nane. Wazee wakikaa, Caritas ndiye azungumze kwanza, nawe usimame karibu naye, na safari hii ukiambiwa ukae chini, usikae.