Bastola Chini ya Kitenge

Mushaki, siku ya yenga mangaribi

Hapana, siwezi tena kuivaa ile kitu.

Tangu wezi walituvamia mu njia ya Kashebere, wakabeba fromaji zetu zote, zile jibini za kuuzisha, naogopa kurudi soko. Jana papa moja, muzee mwenye kuuzisha silaha, akaniletea bastola mbili nichague. Ile kubwa ilivuta kitenge chini. Nikafunga ile ndogo ku tumbo, nikazunguka mbele ya kioo kama mwenye kujaribu robe ya ndoa. Hata nilicheka. Mimi, mama ya watoto!

Leo nikaenda nayo ku misa ya yenga, nione kama itaonekana. Mama Riziki wa korali akanikumbatia, akaisikia. Nikakufa na woga. Lakini yeye akapiga kigelegele:

“We Mama Neema! Njo maana unatembea polepole! Ulitufichia?”

Akaweka mukono pale pale juu ya chuma, akafunga macho, akaomba Mungu mutoto azaliwe muzima.

Nikasema Amina.

Kesho namurudishia yule papa kitu yake. Njia ya Kashebere, Mungu mwenyewe anajua. Lakini Mama Riziki ametuma muntu sasa hivi aniulize kofia ya mutoto aifume na uzi rangi gani, na mimi, kwa haya, nikajibu: nyeupe.